Ufa Nyuma ya Jiko la Mama

Kondoa, Jumamosi

Nimemwambia Mama ahame. Tangu asubuhi nilikuwa natafuta pa kuanzia, mwisho nikasema tu kama ninavyowaambia watu wengine kazini, nikipima miamba.

Nyufa nyingi za mwamba ulio nyuma ya nyumba zinaelekea upande mmoja, kama kwenye milima yote ya huku. Hizo ni za kale mno, hazinitishi. Kinachonitisha ni ufa mmoja unaozikata na kuteremka hadi jikoni kwa Mama. Jiwe lililo juu yake limeshikiliwa na kipande chembamba. Mvua kubwa ikija...

Mama aliendelea kuchambua mlenda. "Marehemu baba yako alijenga hapa kwa ajili ya kivuli cha jiwe hilo."

"Najua, Mama."

"Ningekuwa mama wa mtu mwingine, ungenihamisha?"

"Leo hii."

Alisukuma mlenda kando, nikadhani amekasirika. Kisha akauliza kama nyumba yangu ya mjini, kule Mkonze, iko karibu na msikiti. Nikamwambia adhana inasikika hadi chumbani. Bado naogopa kwamba mjini atanyong'onyea, bila shamba wala jirani aliyemzoea.

Jioni aliomba nimpeleke akauone huo ufa. Tulipanda polepole, amenishika mkono. Aliingiza vidole ndani.

"Kumbe haya ndiyo uliyokuwa unasomea miaka yote ile," alisema.

Hakuwahi kuniuliza habari za kazi yangu. Leo ameuliza njia nzima ya kushuka.