Kipindi cha Kisima Hakimo Kwenye Boksi

Shikamoo mshauri, naomba unisaidie maana jambo hili siwezi kumwambia jirani wala rafiki, nimelibeba miezi minne sasa na nikikaa kwenye cherehani najikuta nimeshona mshono mmoja mara mbili bila kujua, na mimi si mtu wa kukosea, nashona sare za shule tangu nina miaka kumi na tisa.

Nina miaka arobaini na minane. Nina mdogo wangu wa kiume, fundi bomba, tumepishana miaka miwili, na mama yetu anaishi kwangu kwa sababu presha inamsumbua. Tulipokuwa wadogo, kila Jumamosi mchana televisheni ilionyesha sinema ya makauboi, ile ya hakimu mzee aliyezunguka miji kwa gari la farasi akiamua kesi, na sisi wawili tulikaa sakafuni karibu kabisa na kioo mpaka mama anatuambia tutapofuka. Sasa mwaka huu mdogo wangu akaona dukani kwamba vipindi vyote vimetolewa kwenye diski, misimu yote minne, boksi moja zito lenye picha ya hakimu juu na kijitabu ndani kinachotaja kila kipindi, akalinunua akaja nalo kwangu anacheka peke yake tangu getini.

"Dada," akaniambia, "tuanze na kile cha kisima."

Sikuuliza kipi, maana hicho tunakikumbuka kuliko vyote na tumesimuliana maisha yetu yote. Kauboi anaingia uani, ametupa mgongo, kofia pana ya kahawia, hatumwoni uso. Mwanamke mwenye aproni ya maua ya njano anatoka jikoni, wanazungumza, sauti haisikiki. Kauboi anavua kofia, anaiweka ukingoni mwa kisima, anainama avute ndoo anywe maji, na mwanamke anasimama nyuma yake. Hapo ndipo tunapobishana, mimi nakumbuka mikono ya yule mwanamke ilikuwa mbele, mdogo wangu anasema alikuwa anaifuta kwenye aproni tu wala hakumgusa. Halafu kauboi hayupo na kofia ipo. Halafu mwanamke anageuka anatutazama sisi, moja kwa moja, muda mrefu. Mwishoni anakuja mwanamume mwingine na toroli la kokoto, kisima kinafukiwa, na muda wote huo hakuna muziki hata kidogo.

Tulikitafuta kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, mshauri, vipindi mia moja na kumi na vinane, mdogo wangu anaweka alama ya penseli kwenye kijitabu kila kimoja kikiisha. Visima tuliviona, viwili au vitatu, lakini si hicho. Nikampigia simu muuza diski nikamwambia seti yake ina upungufu, akanijibu kwa upole, "Mama, hiyo ni kamili, hata vipindi ambavyo havikuwahi kurushwa vimo."

Jumapili ya diski ya mwisho mdogo wangu alifunga kijitabu, nikadhani amechoka.

"Dada, ile kofia ilikuwa rangi gani?"

"Ya kahawia."

"Na maua ya aproni?"

"Ya njano. Wewe mwenyewe unajua."

"Televisheni yetu haikuwa na rangi," akasema. "Na hizi diski zote ni nyeusi na nyeupe."

Mshauri, kwenye nyumba yetu ya zamani televisheni ilikaa juu ya kabati fupi, chini ya dirisha la uani. Na hapo hapo nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukikumbuka, kwamba siku ile umeme ulikatika, kioo kikawa cheusi, na sisi hatukuinuka kwa sababu tuliambiwa tusitoke mpaka sinema iishe. Tuliinua macho kidogo tu.

Nikakumbuka pia mama alivyoingia ndani, akachuchumaa mbele yetu, aproni imelowa, akauliza, "Mmeona nini?" Mdogo wangu akasema, "Sinema." Mama akakitazama kioo cheusi, kisha akasema, "Ndiyo. Ilikuwa sinema." Na tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa anatusimulia kipindi kile, tukiwa na homa, mvua ikinyesha, na ndiye aliyetuambia mwisho wake, kwamba kauboi alitokea upande wa pili akapanda farasi akaenda nchi ya mbali. Mwisho huo sote wawili tunaujua kwa moyo, na hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka kuuona.

Sasa niseme habari za baba. Baba alikuwa mpima ardhi, kikosi chao kinahamahama, alikuwa hajaja nyumbani karibu miaka miwili na sura yake tuliijua kwa picha zaidi. Mwaka ule shangazi, dada yake baba, alikuja kwetu analia, akasema kaka yake alilala kwake, akaondoka Jumamosi asubuhi akiwa na kofia yake ya kazi kichwani, akisema anakuja kutuona. Mama akasema hakufika. Ukoo ukagawanyika, shangazi akaitwa mwongo na mchonganishi, wakasema anamficha kaka yake aliyeoa kwingine, na mpaka leo hatumwaliki kwenye shughuli yoyote, hata kwenye harusi yangu sikumwalika. Yu hai, ana miaka sabini na mitatu.

Nilikwenda kwenye nyumba ile, nikasingizia nataka kigoda, maana siku hizi ni karakana ya seremala. Mahali pa kisima pana sakafu ya saruji na amepanga mbao juu yake. Nikamwuliza kama ni yeye aliyeijenga, akasema aliikuta, na mbao akiziweka pale hupinda, eti unyevu unatoka chini, ingawa jua linapiga siku nzima.

Lakini linalonitisha zaidi ni mama mwenyewe. Wiki mbili zilizopita nilirudi mchana nikamkuta amekaa mbele ya televisheni, ameweka diski, chai imepoa mkononi. Nikamwuliza, "Mama, unatafuta nini?" Hakugeuka. Akasema, "Kile cha kisima. Wamekitoa," kwa sauti ile ile ya kusema sukari imekwisha. Tangu hapo kila siku akishakula anaanza tena diski ya kwanza. Nimemchungulia mlangoni, mshauri, na hatazami kioo. Anatazama juu yake, ukutani, kana kwamba pale kwangu pana dirisha.

Mdogo wangu anataka twende polisi hata kesho. Mimi nasema tukifanya hivyo mama atatufia mikononi. Tumefika mahali hatusalimiani. Je, ninyamaze mpaka mama ajiondokee kwa amani? Au ni kumbukumbu za watoto tu, na kosa letu ni kununua hilo boksi?

Ni mimi, Fundi Cherehani

*

Fundi Cherehani, marahaba.

Pole nakupa, lakini sikupi yote, maana kuna mahali umenificha. Umeniandikia rangi ya kofia, maua ya aproni, mpaka kokoto za kwenye toroli. Aliyesukuma toroli ukamwita "mwanamume mwingine" ukapita mbio. Huyo hakuwapa mgongo, mwanangu. Mlimwona uso, na nadhani mlikuwa mnamwamkia kila wiki.

Nilipiga namba uliyoandika chini ya barua yako. Simu ikapokewa na mwanamke mzee, akasema umeisahau kwenye chaji umekwenda kupeleka sare. Sikumwambia mimi ni nani wala nataka nini. Akauliza, "Ni habari ya sinema?" Nikaitika ndiyo. Akasema, "Mwambie aje na mdogo wake. Mwisho ule wa farasi niliutunga. Aliyekuja na toroli alikuwa kaka yangu, naye ameshazikwa, sasa nimebaki mimi." Akakata.

Kesho yake nilikupata, nikakueleza, ukalia, ukaniruhusu nichapishe bila kutaja wapi wala nani. Halafu ukaniuliza tena ufanye nini, kana kwamba hukusikia. Basi sikiliza.

Acha kuniuliza kama ni kumbukumbu za watoto. Watoto wawili hawaoti njano ile ile. Ulichokuwa unaniomba ni ruhusa ya kunyamaza, nami sina ruhusa hiyo ya kumpa mtu. Na hiyo amani unayotaka kumtunzia mama yako, iko wapi? Mtu anayekaa kila mchana akitazama dirisha ambalo halipo hana amani unayoweza kumharibia.

Hilo halimaanishi unajua alichofanya. Hujui. Wewe uliona mikono mbele, mdogo wako aliona mikono inafutwa, na kati ya hayo mawili pana tofauti ya mtu aliyesukuma na mtu aliyeona mwingine akiteleza, akaganda, kisha akaogopa kusema. Usimchagulie mojawapo. Mdogo wako naye aache kulitaja neno polisi kama kofi. Polisi mtakwenda, hilo halina mjadala, mtu hafukiwi kokoto ikawa basi. Lakini mama aonwe kwanza na daktari wa presha yake, na mtafute wakili wa kumsindikiza, ili mzee wa miaka hiyo asisimame peke yake mbele ya meza ya watu. Kwa seremala usirudi kupeleleza, na mtu asiguse sakafu ile mpaka wenye kazi yao waje.

Mkikaa naye, kaeni mchana, nyote wawili. Mwambie, "Mama, tulikuona." Usiongeze neno. Usimsaidie kutafuta maneno, alishawatafutia ninyi mengi mno. Akilia, mwacheni alie. Akisema msilotaka kulisikia, msikimbie chumba. Na ninyi wawili msalimiane kabla hamjaingia, kwa sababu katika dunia hii nzima hakuna mwingine aliyekaa pale sakafuni pamoja nawe.

Lakini kabla ya daktari, kabla ya wakili, kabla hata ya mama, nenda mahali pengine. Umeniandikia barua ndefu, na shangazi yako ukampa mistari michache, ukamalizia na umri wake. Mwanamke huyo amesema kweli miaka arobaini na mmoja akiitwa mwongo na watu wa damu yake, wewe ukiwa mmoja wao. Usimpelekee maelezo wala zawadi. Nenda leo, na mdogo wako, gonga mlango, mwamkie, na akifungua mwambie maneno haya tu: "Shangazi, baba alifika."