Fomu ya Hamisi Usiiwekee Dole

Kwa mama yangu mzazi, Mbwera.

Shikamoo mama. Goti linakusumbua bado, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia. Barua anakuletea mwenzangu wa Ikwiriri aliyemaliza mkataba, maana huku simu tunapigia mbele ya msimamizi. Mjomba akusomee polepole, asiruke kitu.

Nimesikia mdogo wangu Hamisi ameitwa na kampuni ileile ya ulinzi iliyonileta Iraki, na anataka uweke dole kwenye fomu. Nisikilize kwanza.

Cheti changu kinasema nilifunzwa wiki nane. Ni siku kumi na moja, nje kidogo ya Dar, tumeshika bunduki za mbao. Risasi za kweli nilipiga sita. Siku ya kwanza mkufunzi aliuliza, "Nani amewahi kulinda?" Saidi wa Maparoni, yule mtani wangu, akajibu, "Mimi, afande. Toka nina miaka tisa."

"Wapi?"

"Juu ya dungu la miti shambani, nalinda mpunga. Nguruwe wa kwetu wakorofi kuliko jeshi, afande."

Tukacheka, mkufunzi naye akacheka, kisha akaandika: uzoefu wa lindo, miaka kumi na tano. Sote tuliotoka huko kwetu delta, kwenye mpunga, tukaandikiwa vivyo hivyo. Kumbe ndiyo maana huku tulipandishwa minarani moja kwa moja.

Mwezi uliopita, saa tisa alasiri, vumbi limetanda, tukasikia kitu nje ya uzio wa kambi ya mafuta. Mama, ninyi ndio mliotufundisha: ukisikia kitu mpungani, simama, piga debe, piga kelele, kijue upo. Saidi akasimama juu ya mnara. "Oyaa! Toka hapo!" Mimi nilikuwa mnara wa pili, hatua themanini, nami nilishaanza kunyanyuka nipige kelele. Risasi ilimwingia shingoni.

Ripoti ya kampuni inasema hakufuata mafunzo. Nikamuuliza msimamizi, "Mafunzo yapi?" Akanijibu, "Rudi lindoni." Siku kumi na moja, mama, na hakuna hata moja tuliyofundishwa kulala chini. Amezikwa hukuhuku, kwa kuwa fomu aliyowekea dole mama yake ilisema hivyo, na ukurasa ule hakusomewa.

Hamisi atakwambia, "Mbona kaka kajenga?" Mwambie nyumba ile niliisimamisha kwa miaka sita ya kuvua na kuuza kamba, kabla sijapanda ndege. Huku kumeongeza bati tu. Mashine yangu ya boti iko kwa mjomba. Hamisi aichukue, nimempa.

Nisalimie shangazi aliyenilea. Mke wangu mwambie imebaki miezi minne. Mama yake Saidi ukimwona, habari ya kelele usimweleze.

Fomu inataka watu wawili: mdhamini aliyeko kazini na mzazi. Sehemu yangu waliniletea jana, nikakataa. Leo wamenihamishia mnara wa Saidi. Wakinishinda mimi, limebaki dole lako, mama.

Mwanao wa kwanza,
Bakari