Kwa Kiasi Gani Mlishindwa

Bwenini, 4 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Magoti yanasemaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inafuka moshi.

Tumerudishiwa mtihani wa majaribio wa Historia. Nimepata saba kwa ishirini na tano. Saba, Bibi, mimi niliyejaza kurasa tano! Swali lilikuwa hili: "Mgomo wa kiwanda cha nguo ulishindwa. Kwa kiasi gani unakubaliana na kauli hii?" Nikaandika sababu sita za kushindwa, zilezile alizotuandikisha Mwalimu. Chini akaandika kwa wino mwekundu: "Swali hukulielewa." Nikamfuata ofisini. Hakuinua hata kichwa. "Nyinyi mkiona neno mgomo," akasema, "mnamwaga yote mliyokariri. Nani kawauliza sababu?"

Tuko arobaini na wawili darasani, na thelathini na watano tumeanguka. Sasa nani hakuelewa, sisi au yeye?

Wewe si ulifuma nguo kiwanda hichohicho? Nisaidie. Mtihani wa taifa ni Mei.

Mke mwenzio,
mwenye alama saba


13 Februari

Mke mwenzangu, marahaba.

Magoti yapo, kila ngazi yananikumbusha. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili nikataka kurusha kitu.

Nani kasema tulishindwa? Huyo aliyeandika kitabu alikuwa wapi? Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mashine namba kumi na nne, chumba cha kufumia, vumbi la pamba linaelea hadi kope zinakuwa nyeupe. Kabla ya mgomo, kwenda choo lazima uombe kibao cha ruhusa kwa msimamizi. Kibao kimoja, wanawake sitini! Ukijifungua, siku ya kumi urudi kazini au ukute mwingine kwenye mashine yako. Tukagoma siku kumi na moja. Nyongeza ya mshahara hatukupata, sawa. Lakini kibao kiliondolewa, na likizo ya uzazi ikawa wiki nane. Mama yako alizaliwa miaka miwili baadaye, nikakaa naye nyumbani wiki nane nzima nikimtazama tu. Huko ndiko kushindwa?

Mpelekee mwalimu wako habari hii. Mwambie imetoka kwa aliyekuwepo.

Bibi yako


Bwenini, 3 Machi

Bibi, shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Mimi sijambo, na nina mengi.

Nilimsomea Mwalimu barua yako yote, hata pale pa kurusha kitu. Akacheka, akanivutia kiti. "Sasa umeanza kulielewa swali," akasema. "Ukiambiwa 'eleza sababu', toa sababu, basi. Ukiulizwa 'kwa kiasi gani', umepewa maneno ya mtu uyaweke kwenye mizani. Wapi ni kweli, wapi si kweli, kisha wewe mwenyewe useme inaelemea wapi."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia hayo tangu Januari. Akasema alidhani tunajua. Alidhani! Watu thelathini na watano tumeangushwa na kudhani kwake. Nilimwambia hivyohivyo, nikatolewa nje. Kesho yake akafundisha upya darasa zima bila kunitazama.

Nimeandika tena, nimepata kumi na tano. Anasema mwanzo nilidai mlishindwa kabisa, sasa nadai mlishinda kabisa, bado sijapima. Anataka nieleze kwa nini nyongeza ilikosekana. Kitabu kinasema kuna wafumaji ishirini waliorudi kazini mapema, "wakausaliti mgomo". Ni akina nani hao, Bibi? Ulikuwa unawajua?

Mjukuu wako


Bwenini, 29 Machi

Bibi, shikamoo.

Wiki karibu ya nne hii sijaona barua. Mama anasema u mzima, unakula, unagombana na fundi bomba kama kawaida. Basi ni mimi. Kama nimeuliza vibaya nigombeze, lakini nigombeze kwa maandishi.

Mjukuu wako


8 Aprili

Mjukuu wangu, marahaba. Afya ninayo. Utani leo sina.

Hukuuliza vibaya. Niliwaka kwa lile neno "wakausaliti", nikatafuta nani wa kumgombeza, nikajikuta mimi. Nilikuwa mmoja wa hao ishirini.

Siku ya tisa asubuhi msimamizi alipita nyumba kwa nyumba. Akaniambia, "Namba kumi na nne anapewa mtu mwingine saa mbili kamili." Baba yangu alikuwa hana kazi, na wadogo zangu wanne wananitazama mikono. Nikajifunika mtandio hadi machoni, nikaenda geti la nyuma. Pale wagomaji walikuwa wamemweka Mrefu alinde, rafiki yangu niliyejifunza naye kufuma. Hakunitukana. Alisogea tu, akanipisha, kama unavyompisha mtu usiyemjua. Mashine ishirini zikaanza kuunguruma, na walioko nje wakazisikia. Siku ya kumi na moja wakakubali walichopewa. Nyongeza ilipotelea mikononi mwetu. Na ile likizo niliyokutambia, waliipata wao, nikaila mimi.

Lakini mwenye kitabu bado nina ugomvi naye. Ametubandika jina bila kubisha hodi hata kwenye mlango mmoja kuuliza. Jina hilo nimejiita mwenyewe miaka arobaini na miwili. Mimi nina haki nalo. Yeye amelitoa wapi?

Weka na hili kwenye mizani. Usinifiche.

Bibi yako


Bwenini, 24 Mei

Bibi yangu, shikamoo. Natumaini unalala vizuri.

Barua yako niliisomea bafuni, mahali pekee penye komeo hapa bwenini. Sikujibu kwa sababu kila sentensi niliyoanza ilikuwa ya kukusamehe, na aliyekosewa si mimi.

Juzi tumefanya mtihani. Nilikuwa nimejiandaa kupima, pande zote mbili, na wewe ndani yake. Nafunua karatasi, swali la lazima: "Eleza sababu sita za kushindwa kwa mgomo wa kiwanda cha nguo." Eleza! Hakuna kauli ya kupima, hakuna "unakubaliana". Wameshahukumu wao, mimi nihesabu tu. Dakika kumi zikapita bure kwa hasira.

Halafu nikalisoma tena polepole. Hawakusema mgomo ulishindwa katika nini. Basi sentensi ya kwanza nikaandika: "Mgomo ulishindwa katika dai la mshahara, na sababu nitakazoeleza ni za dai hilo tu; likizo ya uzazi na uhuru wa kwenda choo vilipatikana." Kisha nikaeleza. Sababu ya nne ni nyinyi ishirini. Sikuandika usaliti. Niliandika kwamba walitishiwa mmoja mmoja majumbani kwao, na kwamba chama cha wafanyakazi hakikuwa na akiba ya kuwalisha.

Ya sita kwenye kitabu ni hii: "Wanawake walio wengi hawakuelewa walichokuwa wanadai." Hapo kalamu ilikataa. Muda ulikuwepo, karatasi ilikuwepo, alama nne zimekaa zinaningoja. Nikaandika namba sita, nikaacha wazi.

Mwalimu amesikia, ameniita mpumbavu mbele ya wenzangu. "Swali lilitaka sita!" Nikamjibu najua lilitaka ngapi.

Matokeo ni Agosti.

Mjukuu wako


6 Juni

Mke mwenzangu, marahaba.

Mimi mzima, masikio tu yanavuma, na utaona kwa nini. Hizo alama nne wakae nazo. Na huyo mwalimu siku nikija kukutembelea atanipisha kiti tuzungumze.

Barua yako niliitia mkobani nikaenda kwa Mrefu. Anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa, na miaka yote hii nikienda sokoni nazunguka nisipite kwake. Alifungua mwenyewe. Amepinda kidogo, urefu haujaisha. Sikujua nianzie wapi, nikamsomea barua yako palepale mlangoni, hadi hiyo namba sita uliyoiacha wazi. Nikamwambia, "Nilirudi siku ya tisa. Najua uliniona."

"Ya nane," akasema.

"Ya tisa."

"Ya nane! Ilikuwa Jumatano, matope hadi vifundoni. Mimi ndiye niliyesimama getini, usinifundishe siku."

Hapo ndipo alipofunguka. Alinifokea, mjukuu wangu, kidole usoni, majirani wanachungulia: ya geti, ya mtandio wangu, ya mazishi ya mumewe ambayo sikuhudhuria. Nilijaribu kujitetea mara mbili, nikaacha. Mengi ni kweli, mawili matatu ameongeza chumvi.

Alipoishiwa pumzi akaingia ndani. Nilidhani ndiyo basi. Akarudi na kiti, akakiweka nje, upande wangu wa kizingiti. Yeye akakaa ndani kwenye chake, mlango wazi katikati yetu, akaendelea.

Kesho nakwenda tena. Amesema hajamaliza.

Bibi yako