Karatasi ya Priska Ndani ya Kitabu cha Nyimbo

Mshauri Yudith, huna adabu. Nakuambia kabla ya salamu, kwa sababu Jumatano iliyopita ulisema redioni kwamba mzazi anayemchagulia mtoto chuo ni mwizi, na mimi nilikuwa uani na majirani tunachambua maharage, wote wakacheka, Lukia akaniuliza, "Mama Danieli, mbona mikono imesimama?" nikamwambia nimeona jiwe, na jiwe halikuwepo. Mwizi! Mimi niliyesomesha watoto kwa jembe! Darasa langu ni la nne na hii barua naiandika mwenyewe, ukiona herufi zimepinda ni macho, akili ipo. Haya, marahaba, najua umeshaniamkia. Sasa nisaidie.

Mjukuu wangu Priska nimemlea tangu ana miaka minne, mama yake alipokwenda kwa Mungu, na mwaka huu amemaliza kidato cha sita, hesabu kawashinda wavulana wote wa shule ile, akaomba vyuo, kisha akaitwa jeshini kwa mujibu wa sheria, na huko simu hawaruhusu, basi kwenye fomu akaweka namba ya kitochi changu, akaandika namba zake za kuingilia kwenye karatasi akaitia ndani ya kitabu changu cha nyimbo, akasema, "Bibi, wakinichukua vyuo viwili watatuma namba za siri, uzipeleke kwa Anderson pale steshenari Same pamoja na hii karatasi, umwambie Morogoro, basi." Nikamwambia nimesikia. Alhamisi, siku sita kabla hujaniita mwizi, nilipanda kwenye mwamba ambapo mtandao unashika, ujumbe huo ukaingia, amechukuliwa kuwili, Moshi uhasibu na Morogoro uhandisi wa umwagiliaji, achague kimoja, mwisho Ijumaa hii. Tangu siku hiyo niko nao mfukoni na sijamwambia mtu.

Sikukaa bure. Jumatatu nilishuka Same nikasimama mbele ya Anderson, nia yangu nimwambie Moshi, maana uhasibu ni kiti na meza, mtu anakaa kivulini kiatu hakina tope, na Moshi ni karibu, Ijumaa jioni yuko nyumbani anakula kwangu, huko Morogoro ni miaka minne anajifunza kuchimba mifereji, kazi ambayo hapa Mhezi tunaifanya bure kwenye msaragambo, mbiu inalia tunakwenda kijiji kizima na majembe, nani aliwahi kuulizwa cheti? Anderson, ndiye aliyemjazia Priska maombi, akaniuliza, "Bibi, mwenyewe amesema chuo gani?" Nikasema nimekuja kutoa kopi ya kadi ya kliniki. Nikatoa kopi tatu. Sina kazi nazo.

Na nisikufiche, ugonjwa huu wa maji nimemwambukiza mimi. Mwaka aliokufa mume wangu wagawa maji waliiruka zamu yetu, nikaenda alfajiri kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mashamba, nikaingia mpaka kiunoni nikazibua kwa mikono yangu, wakati huo mwanamke hakutakiwa hata kusogea, wazee wakanisema mwezi mzima, na maharage yangu yakaiva. Nilimsimulia Priska akiwa na miaka tisa. Kesho yake akakata fimbo akaitia alama, ikawa kila jioni anakwenda kupima maji na kuandika kwenye daftari. Fimbo iko nyuma ya mlango mpaka leo.

Tangu ameondoka sijui kupika makande ya mtu mmoja. Napika sufuria ileile, mbuzi wamenenepa.

Niambie basi, nikimthibitishia Moshi, ni wizi? Na jina langu lisome, mimi sijifichi.

Bibi Faustina, Mhezi

*

Bibi Faustina, shikamoo, safari hii kwa sauti. Barua yako imenifikia leo Jumatano asubuhi kwa mkono wa konda wa gari la Mhezi, nami nimeitanguliza mbele ya nyingine zote, maana Ijumaa haina subira.

Neno "mwizi" lilikuwa kali kwa mtu wa umri wako, nisamehe. Lakini silifuti leo. Nitalifuta Ijumaa, nikishasikia ulichofanya.

Ungekuwa na uhakika na Moshi, bibi, usingetoa kopi tatu. Anderson alikuuliza neno moja tu na moyo wako ukamjibu.

Unauliza nani aliwahi kuulizwa cheti cha mfereji. Siku ukuta wa ndiva ukipasuka na maji yakashuka na mashamba yenu, majembe yote ya msaragambo hayatawaambia ulikuwa mnene kiasi gani na ulitakiwa uweje. Huyo mtoto atawaambia, kwa hesabu alizoanza na fimbo ya nyuma ya mlango wako. Na wewe uliyeingia majini mpaka kiunoni huku wazee wanakusema, leo unamwonea Priska aibu ya tope kwenye kiatu? Acha, bibi.

Sufuria ya makande naielewa, na siichekei. Nyumba ikibaki na mtu mmoja ina baridi hata jua likiwaka. Pika ileile, mwite Lukia, si yuko uani kwako kila siku? Akicheka acheke ameshiba. Lakini mtoto hachaguliwi chuo kwa kipimo cha sufuria.

Na nyinyi wazazi wengine, kijana akiandika namba yako ya simu kwenye fomu yake, amekufanya tarishi. Fikisha ujumbe. Asipothibitisha ndani ya siku alizopewa, nafasi inaweza kwenda kwa mwingine, na hapo hata mkilia pamoja haisaidii.

Sasa sikiliza, bibi. Kesho panda gari la kwanza. Kitochi mkononi, karatasi kwenye mkoba. Anderson, kama redio yako imewaka, muwekee bibi kiti. Useme "Morogoro" kwa mdomo wako mwenyewe, na usinyanyuke mpaka akusomee kwamba imekubali. Ukifika nyumbani rudisha karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo, kwenye ukurasa uleule alioiacha. Na siku Priska akiingia mlangoni, kabla hajavua viatu, mwambie habari ya zile kopi tatu, Lukia asikuwahi.