Kinywa Nilichomuazima Anselemi

Dzaleka, kambi ya wakimbizi, Malawi, Alhamisi

Mama yangu muzazi,

Nakusalimia sana, mi mutoto wako Byamungu. Noela dada yangu atakusomea hii barua kwenye simu yake, umuambie asome polepole. Goti linasema nini? Ile dawa ya kupaka ilifika? Huku tuko bazima. Mvua ilipasua ukuta wa jikoni, mi na jirani tukauziba na udongo. Nsima, bugali ya mahindi ya huku, tunakula, lakini hamu ya bugali ya mihogo haijaniisha.

Sasa kaa chini, Mama. Nilimuona Anselemi.

Ndiyo, yule yule shemasi wetu aliyekula kwa meza yetu, aliyebeba jeneza la Papa, na matanga haijaisha akaja na basoda benye bunduki kukutoa ndani ya nyumba. Iko muzima. Tena amenenepa. Siku hizi ni muhubiri, anazunguka inchi za bantu na suti ya rangi ya maziwa.

Ilikuwa hivi. Tangu nijue vizuri Kichewa, luga ya huku, makanisa yananiita kutafsiri: muhubiri anasema Kiswahili, mi nasimama kando yake na mikro yangu, nageuza. Bantu banasema ni kipaji, Roho njo alinipatia. Na mutafsiri hana jina pale mbele. Muhubiri akisema "mimi nilikuwa mugonjwa", na we unasema "mimi nilikuwa mugonjwa". Basi Jumapili muchungaji wa kanisa moja la Bamalawi kule Mchesi, Lilongwe, akaniita, eti kuna mugeni wa Congo. Nikapanda kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu, mpaka barabarani, nikafika mapema, nikaingia, nikaona ile shingo.

Hakunijua. Aliniachaka mutoto wa shule, sasa niko na ndevu. Akanishika bega: "Kijana, usiniharibie." Nikamuambia: "Sitakuharibia, baba." Moyo ulikuwa unapiga kama mutu anatwanga sombe.

Akahubiri juu ya talanta. Yule, Mama! Eti kila mutu atasimama peke yake mbele ya Bwana, aulizwe alifanya nini na kile alichopewa. Nikageuza yote vizuri kabisa, maana kazi ni kazi. Halafu akafika kwa ushuhuda wake. Akasema: "Mimi sikuwa na kitu. Mungu akanipatia nyumba Kadutu, nyumba ya mawe, bila kutoa jasho."

Mawe ya nyumba yetu ile, Papa aliyabeba na mugongo wake.

Nikasogeza mikro. Nikasema kwa Kichewa, na sauti yake ile ile: "Mimi sikuwa na kitu. Nikanyang'anya mujane nyumba yake. Nilimufukuza na batoto wake, na kaburi la bwana yake lilikuwa lingali bichi."

Mama mumoja akashika kinywa. Anselemi akaona bantu bameguswa, akafurahi, akaongeza: "Na mpaka leo ninakaa ndani yake kwa amani!" Na mi: "Na mpaka leo sina amani. Muniombee, mi ni mwizi." Bantu bakalia. Muzee mumoja akaja kumukumbatia, zikomo, zikomo, asante kwa kusema kweli. Naye anacheka tu, anasema amina. Nisikudanganye, Mama, ilikuwa tamu. Sijaonja kitu kitamu namna ile tangu nitoke kwetu.

Nje nikamukuta Mama Feza ananingojea. Ni mujane wa Uvira, anashona nguo pale Mchesi, na ndani ya kanisa lile hakuna mwingine anajua Kiswahili. Alikaa nyuma, sikumuona. Alisikia pande zote mbili.

"Byamungu, yale uliyosema ni kweli?"

"Ni kweli. Ule mujane ni mama yangu."

"Bon. Sasa kwa nini uliyasema na kinywa chake? Chako hauna?"

Nikamuambia aniache, yeye hakufukuzwa na Anselemi. Akasema: "Mi nilifukuzwa na bengine. Lakini yule mutu ameenda zake anajua amehubiri vizuri. Umemupiga na hajui kama amepigwa. Na sisi je? Kesho ukitugeuzia neno la Mungu, tutajua ni nani anasema?"

Nilikasirika mpaka Lumbadzi, njiani kurudi kambini. Nilimutukana ndani ya roho njia nzima. Lakini lile la kwamba hajui kama amepigwa lilikataa kuniacha. Ni kweli, Mama! Mi nataka aungue, kumbe nimemupamba. Nimemupatia hadi machozi ya bantu, na hata hajui ni ya nini.

Jana nikarudi Mchesi kwa muchungaji, nikamuambia yote. Akasema sitashika mikro pale mpaka kanisa lijue nilichofanya, na nitakisema mi mwenyewe, na jina langu. Nikamujibu: hiyo njo nimekuja kuomba. Anselemi iko bado Lilongwe, anarudi pale Jumapili hii, na muchungaji atamukalisha mbele. Nitaanza na kosa langu, lile la kumuwekea maneno. Halafu nitasema mimi ni mutoto wa nani. Kwa Kichewa, kisha kwa Kiswahili, nikimuangalia machoni.

Usiniambie nimusamehe, Mama. Labda siku moja, si Jumapili hii. Nataka aone haya mbele ya balewale balimulilia.

Umusalimie Noela na bwana yake, na shangazi anayeuza makala ya kupikia pale sokoni, na mujomba fundi wa viatu, umuambie sijamusahau, ni simu njo mbovu. Na mama mwenye nyumba unapopanga, umushukuru kwa kukuvumilia.

Na we, tafazali, unisaidie kitu kimoja kabla ya Jumapili. Siku ile ya kufukuzwa mi nilikuwa nje nachunga sufuria zetu, nilikuona tu unalia kwenye mulango. Sikusikia kile Anselemi alikuambia, na hujatuambiaka. Noela akuwekee simu karibu na kinywa, akurekodi, useme maneno yake yote namna aliyasema, hata yale machafu. Kule kanisani sitaongeza hata moja. Sitapunguza.

Mutafsiri wako,
Byamungu