Maji ya Rejeta Barabarani: Maelezo ya Sietse Hoekema

KITUO CHA POLISI ADENAU
Jumatatu, 22 Mei 2017, saa tisa alasiri

Jina: Sietse Hoekema
Umri: miaka 36
Kazi: dereva wa lori la maziwa
Makazi: Sneek, Uholanzi
Maelezo yametolewa mbele ya Mkaguzi Gesine Wirtz

Mimi mwenye jina lililotajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Najua Kijerumani na sikuhitaji mkalimani. Nimekuwa nikija Nürburgring, kwenye njia ya mashindano ya magari, kila msimu wa kuchipua tangu nilipomwoa Jitske, nikifuatana na kaka yake, Rutger Plantinga, ambaye ndiye mwenye gari.

Mnamo tarehe 21 Mei 2017, siku ya Jumapili, tulifika kwenye maegesho ya lango la kuingilia saa tatu asubuhi. Siku hiyo njia ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye gari au pikipiki. Ukungu ulikuwa bado haujatoka msituni, kwa hiyo lango lilikuwa limefungwa na watu walikuwa wakinywa kahawa kando ya magari yao. Rutger alitaka kupima upepo wa matairi akakuta kipimo chake amekisahau nyumbani. Gari lililokuwa jirani yetu lilikuwa kigari cha njano cha zamani, na mwenyewe alikuwa mzee niliyekuja kujua baadaye kwamba anaitwa Alois Kläsgen, fundi mwashi mstaafu wa kijiji cha karibu. Alituazima cha kwake.

Alisema, "Waholanzi bila karavani ya kukokota! Leo nimeona maajabu."

Nikamjibu, "Tumeiacha nyumbani, mzee, tusije tukakuzibia njia."

"Nizibieni tu, mimi sina haraka. Gari lenyewe lilikuwa la marehemu mke wangu, na hata kaburini angenigombeza nikilikimbiza."

Alituambia kwamba wakati wa baridi alibadilisha pampu ya maji mwenyewe, na hii ilikuwa mara ya kwanza kulileta tena. Alifungua boneti atuonyeshe. Rutger alicheka, lakini si kwa ubaya.

Lango lilifunguliwa saa nne na nusu. Rutger ndiye aliyeendesha, nami nilikaa kiti cha abiria. Mizunguko miwili ya kwanza haikuwa na tatizo. Katika mzunguko wa tatu tulimpita mzee Kläsgen akiwa upande wake wa kulia, taratibu kama alivyosema, akatupungia mkono.

Tulipokuwa tunapanda kilima kuelekea Karuseli, ile kona ya zege, nilisikia harufu tamu. Mimi ni dereva na harufu ya maji ya rejeta naijua. Nilitazama geji ya joto, mshale ulikuwa unapanda. Nikatazama nyuma, nikaona mvuke mweupe mwembamba unatufuata.

Nilimwambia, "Rutger, linavuja. Kaa pembeni."

Akasema, "Hapa? Wafunge njia nzima kwa ajili yangu?"

"Kaa pembeni, bwana. Nyuma kuna pikipiki."

"Shemeji, tulia. Tumebakiza kidogo tu. Pale kwenye kona ya Brünnchen wamejaa watu na kamera zao, unataka tuburutwe mbele yao kama ng'ombe mfu?"

Ningeweza kuwasha taa za hatari, swichi ilikuwa karibu na mkono wangu kuliko wake. Sikuwasha. Nilihofia kicheko cha wale watu, kama alivyokihofia yeye. Tulipopita Brünnchen watu walitushangilia, na Rutger aliwapungia mkono.

Tulitoka njiani na kuegesha nyuma ya basi dogo la watu wengine. Bomba la mpira la rejeta lilikuwa limechanika. Rutger alikuwa analizungushia utepe tuliposikia ving'ora, kisha helikopta. Watu wakasema binti mmoja mwenye pikipiki ameteleza baada ya Karuseli, juu ya maji yaliyomwagika, akaenda kujibamiza kwenye vyuma vya kingo. Jina lake ni Svenja Röhrig. Sikuwa namjua.

Magari yaliyokuwa mbele ya ajali yaliendelea kutoka moja moja, na kigari cha njano kilikuwa mojawapo. Kilikuwa kinafuka kidogo kwenye bomba la moshi, kama kilivyofuka tangu asubuhi.

Mfanyakazi wa njia mwenye koti la rangi ya machungwa alikuja akiuliza kila mtu, "Nani ameona gari linalovuja?" Alipofika kwetu, Rutger alikuwa ameshafunga boneti. Alinitazama mimi. Yule mfanyakazi naye akanitazama.

Nilisema, "Kile cha njano kilikuwa kinafuka moshi. Tulipokipita, kilikuwa kinadondosha maji." Hilo la maji sikuliona. Nilidanganya.

Yeye na askari wa polisi walikwenda kwa mzee Kläsgen. Alipiga magoti akachungulia chini ya gari lake. Palikuwa na unyevu, lakini asubuhi hiyo kila gari lilikuwa limelowa ukungu. Aligusa kwa kidole, akabaki pale chini muda mrefu. Kijana mmoja alipaza sauti, "Babu, hilo kopo lipeleke makaburini!" Mwingine akasema, "Na wewe ubaki hukohuko!" Wengine walicheka. Mzee aliinuka na kumwambia yule mfanyakazi, "Itakuwa ni mimi. Pampu niliifunga mwenyewe. Mikono yangu siku hizi inatetemeka." Akawakabidhi ufunguo bila kuombwa.

Nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia. Kipimo chake cha upepo kilikuwa bado mfukoni mwangu. Nilikiweka juu ya boneti lake nikaondoka bila kumtazama.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, nilimwambia Rutger twende polisi. Alisema, "Mzee mwenyewe amekubali. Wewe unataka kuwa mtakatifu kwa gari langu?" Kisha akasema, "Tena uliyesema ni wewe. Mimi sikufungua mdomo." Hilo lilikuwa kweli. Tulikula, tukaenda kulala.

Leo asubuhi mwenye nyumba alipotuletea mkate alisema Alois Kläsgen ameomba lifti jana hiyohiyo hadi hospitalini Koblenz alikolazwa yule binti, na mpaka sasa hajarudi. Niliacha chakula mezani. Rutger aliniita mara moja, hakunifuata. Nilipanda basi.

Nilifika hospitalini saa tano na nusu. Mzee Kläsgen alikuwa ameketi kwenye ukumbi, akiwa na nguo zake za jana. Kando yake alikuwa mama mmoja aliyemshikia kikombe cha chai. Nilidhani ni ndugu yake. Alikuwa mama yake Svenja.

Mama huyo aliniuliza, "Wewe ni mwanawe? Mchukue baba yako nyumbani, hajala tangu jana. Nimeshamwambia simlaumu, hasikii."

Nikasema, "Mimi si mwanawe." Kisha nikawaambia wote wawili nilichokisema hapa. Niliongea nikitazama sakafu.

Mzee Kläsgen aliniuliza, "Halikuvuja?"

"Halikuvuja, mzee."

"Pampu yangu ni nzima?"

"Ni nzima."

Aliitazama mikono yake pande zote mbili. Kisha akaanza kulia, na mama yake Svenja akakisogeza kikombe ili chai isimwagike. Nilinyoosha mkono nimshike bega. Aliusukuma.

Nilimwuliza mama hali ya binti yake. Alisema nyonga imevunjika mahali pawili, ataishi, kuhusu kutembea madaktari bado hawasemi. Kisha akaniuliza, "Jana usiku, ulipata usingizi?"

Nilimwambia kweli. Nililala.

Akasema, "Nenda kawaambie polisi na hilo pia."

Maelezo yangu yanaishia hapo. Nimeyatoa bila kulazimishwa na ni ya kweli.

(Sahihi) S. Hoekema

Maoni ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyakubali. Amesahihisha mahali pamoja kwa mkono wake: palipoandikwa "nilikosea" ameweka "nilidanganya". Gari la Bw. Plantinga limezuiliwa kwa ukaguzi. Mwenyewe ameitwa kuhojiwa. Bw. Kläsgen amepigiwa simu aje kuchukua ufunguo wake. Amejibu kwamba atakuja siku nyingine, kwa sasa bado yuko hospitalini na yule mama.

G. Wirtz, Mkaguzi