Nani Atamtetea Mganga

Alhamisi, Kitale.

Na bado nina hasira. Leo pale saiba, kwenye kompyuta za kulipia, vijana wamebishana tena: kwa ile gemu ya mapanga na mazimwi, mwenzako bora wa kukufuata vitani ni nani? Wote wanasema mpiga mishale. Ati mganga ni mzigo, anaponya tu, hajui kupigana. Nimemtetea mpaka sauti ikakauka.

Nikamtumia Barasa meseji huko Bungoma, alikohamia mwaka jana. Tulikuwa tunacheza kompyuta moja, yeye kwa mausi, mimi kwa kibodi, na mganga tulimchagua pamoja. Akajibu: "Bana, huyo tuliacha kitambo. Huku tunatumia mpiga mishale."

Tunatumia. Yeye na nani?

Nimecheza peke yangu, mausi na kibodi. Mganga amenifuata kila mahali. Nikisimama, anasimama. Hajui tumebaki wawili.